Chuo, fundi, kujitolea au kikundi: ipi itamrudishia moyo anayetafuta kazi?

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Mbagala, Dar es Salaam. Alimaliza kidato cha nne akapata daraja la nne, na kwa mwaka na nusu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga pasi shati jeupe, anatia vyeti kwenye bahasha ya kaki na kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda Barabara ya Nyerere. Kisha akaacha kupiga pasi. Hakutangaza kitu, aliacha tu. Baada ya wiki mbili akawa anaamka saa nne na kwenda kijiweni, na shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, huyu mdogo wako kaniharibikia, kawa mvivu."

Sikubaliani na shangazi, ingawa kwenye simu sikumbishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Watafiti waliokwenda huko walikuta watu wenye muda mwingi kuliko wakati wowote wa maisha yao, lakini vitabu vya maktaba vikiazimwa kidogo kuliko zamani, na wanaume wakitembea polepole barabarani na kusimamasimama njiani bila sababu. Walikuwa wachapakazi hao. Kazi ilipoondoka, iliondoka na sababu ya kuamka mapema.

Kwa hiyo Jumapili moja tulikaa barazani, mimi, yeye na shangazi, tukaweka njia nne mezani: kwenda chuo cha ufundi, kukaa kwa fundi mtaani, kujitolea ofisini, au kuingia kikundi cha vijana. Haya ninayoandika ni yale tuliyozungumza siku ile, pamoja na mengine niliyoyachimba baadaye.

Vipimo kwanza

Bila vipimo kila mtu huchagua njia ya rafiki yake. Sisi tulikubaliana vinne.

Cha kwanza ni gharama ya kila siku. Watu huuliza ada wakasahau nauli. Tuseme unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi 600. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 22 ni 52,800, kabla hujala hata chapati. Mjini Addis Ababa watafiti waliwahi kuwapa vijana waishio pembezoni mwa mji nauli ya kutafutia kazi, basi. Vijana hao walitafuta kwa bidii zaidi na baadhi yao wakapata kazi nzuri mapema kuliko wenzao. Kijana anayeshinda nyumbani huenda hajakata tamaa. Huenda amepiga hesabu.

Cha pili ni lini utashika ushahidi wa kwanza kwamba unaweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya kujiamini: kulifanya jambo likafanikiwa, kumwona mtu kama wewe akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zako wakati huo. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Ndiyo maana semina za hamasa hazimo kwenye ulinganisho huu. Nimehudhuria kadhaa. Ukitoka ukumbini unajiona simba, ukifika kituo cha daladala unaanza kuhesabu sarafu.

Cha tatu ni watu utakaokutana nao, kwa sababu kazi nyingi za mtaani hazitangazwi popote. Mtu anamuuliza mwenzake, "Huna kijana wa kunisaidia?" na swali linaishia hapo hapo.

Cha nne ndicho watu hawapendi kukizungumzia: ikikwama, unabaki na nini mkononi? Cheti, ujuzi, barua, au deni?

Chuo cha ufundi

Hapa nina maana ya vyuo vya VETA, mamlaka ya Serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, vyuo vya taasisi za dini kama Don Bosco, na vile vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975.

Gharama. Ada si mlima kama inavyodhaniwa. Katika vyuo vya VETA vya Serikali ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachobana ni vya pembeni: sare, vifaa vya kozi, nauli, na zaidi ya vyote miezi mingi isiyoingiza kitu nyumbani. Kozi fupi huwa na ada ya juu zaidi ukilinganisha na muda wake, ila zinaisha haraka. Serikali nayo imekuwa ikiwalipia baadhi ya vijana kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Nafasi hutangazwa, na ni chache. Akitokea mtu anayedai anaweza kukuingiza kwenye programu hiyo kwa "kitu kidogo", mwache aende zake.

Ushahidi wa kwanza. Unakuja darasani mapema, unakuja sokoni kwa kuchelewa. Mwanafunzi wa umeme anaweza kufunga swichi na taa ikawaka ndani ya wiki chache, na ile taa ni kitu, tusiidharau. Lakini mteja wa kulipa bado yuko mbali, na kuna siku katikati ya kozi ambapo unaona wenzako wa mtaani wana simu mpya na wewe una daftari.

Watu. Walimu, wanafunzi wenzako, na ule muda wa mafunzo kazini ambao wengi huupoteza kwa kwenda popote palipo karibu. Kuna jambo lilifanyika Uganda ambalo ningependa kila chuo kiliige. Wanafunzi wa ufundi waliunganishwa na watu waliosoma fani ileile na sasa wako kazini, wakawa wanazungumza nao. Faida haikutokana sana na kutafutiwa kazi. Ilitokana na kuambiwa ukweli: kazi ya kwanza italipa kidogo, usiikatae, mambo hubadilika ukiwa ndani. Hakuna chuo kinachokuzuia kulifanya hili mwenyewe. Muulize mwalimu nani alimaliza miaka miwili iliyopita, umtafute, umnunulie soda.

Ikikwama. Hapa ndipo chuo kinaposhinda. Huko huko Uganda, utafiti mwingine uliwalinganisha vijana waliosomeshwa ufundi chuoni na vijana waliofundishwa ndani ya karakana na biashara zilizolipwa kuwachukua. Wote walipata nafuu kuliko wasiopata lolote. Baada ya miaka michache ile nafuu ya waliofundishwa kazini ilififia, ya waliosoma chuoni ikaendelea. Sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: ujuzi wenye cheti unaweza kumwonyesha tajiri mwingine, usio na cheti anaujua tajiri wako peke yake. Ukifukuzwa, umerudi sifuri.

Kuna tahadhari moja, nayo inatoka katika kundi hilohilo la tafiti. Baadhi ya waliomaliza chuo waliahidiwa kukutanishwa na waajiri. Matumaini yao yalikuwa juu sana, walioitwa wakawa wachache, na waliokosa wakajiona hawafai. Wakapunguza juhudi, wakashusha macho hadi kwa waajiri dhaifu, na miaka kadhaa baadaye hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao waliosoma vilevile lakini hawakuahidiwa lolote. Nimelirudia hilo mara nyingi kichwani, kwa sababu sisi wenye nia njema ndio mabingwa wa kusema "soma tu, kazi ipo, nitakutafutia." Chuo kinachosema "hatuahidi ajira" huenda kinakutendea wema.

Inamfaa nani. Mwenye pa kulala na pa kula kwa mwaka au zaidi, na anayeweza kungoja. Binti aliyekatishwa shule kwa uzazi aulizie vyuo vya maendeleo ya wananchi: baadhi vina sehemu ya kuwalelea watoto wadogo wakati mama yuko darasani.

Kukaa kwa fundi

Hii ndiyo njia ambayo wengi wameipita bila kuiita jina. Nenda Keko asubuhi uone: vijana wanapiga msasa fremu za makochi, mmoja anaranda mbao, mwingine amekwenda kuchukua chai ya fundi. Ni chuo kisicho na geti. Kwa washonaji, wachomeleaji, wasusi na mafundi magari mambo ni hayohayo.

Gharama. Hutegemea makubaliano. Fundi mmoja anataka mzazi atoe fedha ya kufundishia, mwingine anamchukua kijana bure kwa kuwa anapata mikono ya kusaidia, wa tatu anatoa hela ya chai tangu siku ya kwanza. Karakana ikiwa karibu na nyumbani umeokoa nauli, na hilo peke yake limewafanya wengi wachague fani kwa umbali badala ya kupenda. Siwalaumu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa: muda wako kutumika vibaya. Nimemwona kijana aliyekaa mwaka mzima kwa fundi cherehani anapasi nguo za wateja, anafagia na kumpeleka mtoto wa fundi shule, na mkasi wa kukatia kitambaa hajawahi kuushika. Ukimuuliza anasema "najifunza". Anajifunza subira, sawa.

Ushahidi wa kwanza. Hapa fundi hana mpinzani. Siku ya kwanza unaona kitu kimekamilika na sehemu yake moja umeifanya wewe. Mwezi wa pili mteja anakalia kochi ulilolipiga msasa na hasemi kitu, na kutosema kwake ndiyo sifa. Mwezi wa nne fundi anakutuma kwa mteja peke yako. Kwa mtu ambaye mageti ya viwanda yamemwambia "hakuna nafasi" mara arobaini, kutumwa peke yake kunafanya kazi ambayo hotuba haiwezi kuifanya.

Zaidi, mwili unarudi kwenye ratiba. Kuna mtu anakusubiri saa moja asubuhi, na ukichelewa utasemwa. Ile kero ya kusemwa ni bora kuliko kutokutafutwa na mtu.

Watu. Wateja, wauza vifaa, mafundi jirani. Duara ni dogo lakini ni la watu wenye kazi. Kasoro yake ni kwamba ni la fani moja na mtaa mmoja, na kwa msichana anayetaka kuingia kwenye gereji au uchomeleaji ni duara la wanaume watupu. Aende kwanza na mtu mzima anayeheshimika hapo mtaani, ajue watakaomzunguka ni akina nani, na asikubali saa za usiku.

Ikikwama. Mkigombana na fundi, unaondoka na ulichonacho mikononi na kichwani, hakuna karatasi. Ndiyo ile hasara tuliyoiona Uganda. Ila kwetu kuna mlango ambao vijana wengi hawaujui: VETA huwapima mafundi waliojifunza mtaani na kurasimisha ujuzi wao, na anayefaulu hupewa cheti bila kukaa darasani kozi nzima. Maana yake ni kwamba unaweza kuanza kwa fundi ukaishia na karatasi, mradi uwe umefundishwa kweli na una kazi za kuonyesha. Piga picha za kazi zako tangu mwanzo. Simu mbovu inatosha.

Kabla ya kuanza, muulize fundi swali moja: nani alitoka hapa akafungua kwake? Akikutajia wawili watatu, nenda ukawaone. Akicheka akabadilisha mazungumzo, umepata jibu. Kisha andikeni karatasi moja mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa: miezi mingapi, utafundishwa nini, utaanza kulipwa lini. Mafundi wengi wazuri hawakatai. Anayekasirika kwa karatasi ana sababu.

Inamfaa nani. Asiyeweza kukaa muda mrefu bila hata hela ya chai, aliyechoshwa na madarasa, na zaidi ya wote yule aliyevunjika moyo kiasi kwamba hawezi kungoja mwaka kabla ya kuona kitu kinachofanikiwa.

Kujitolea ofisini

Gharama. Kati ya njia zote nne hii ndiyo ghali zaidi kwa siku, na ndiyo inayosifiwa kuwa haina gharama. Unatakiwa uvae vizuri, ufike Posta au Mikocheni kila siku, ule mchana mahali ambapo sahani ya mama ntilie si ya bei ya Mbagala. Ofisi nyingine hutoa posho ya nauli, nyingine hazitoi. Uliza siku ya kwanza, na usione aibu kuuliza. Mimi niliona aibu. Nilijitolea miezi saba katika ofisi moja ya mjini, siku nyingine nikirudi kwa miguu, nikiwaambia watu napenda mazoezi.

Ushahidi wa kwanza. Unategemea unachopewa. Kupiga kopi hakumjengi mtu. Ukikabidhiwa kitu chenye jina lako, tuseme rejista ya wageni au kuandaa taarifa ya mwezi, unakua.

Watu. Hapa ndipo inapozizidi njia nyingine zote. Unakaa kwenye chumba kimoja na watu wanaojua nafasi kabla hazijatangazwa, na unajifunza namna wanavyozungumza, wanavyoandika barua pepe, wanavyokataa jambo bila kugombana. Mtoto wa mkulima au wa mama muuza vitumbua hana pengine pa kuyaona hayo.

Ikikwama. Ondoka na barua. Sisemi cheti cha kushiriki chenye maua pembeni, nasema barua inayoeleza ulifanya nini, kwa muda gani, ulikuwa mtu wa namna gani, na simu ya msimamizi chini yake. Nchini Afrika Kusini watafiti walijaribu kuambatanisha barua ya mwajiri wa zamani kwenye maombi ya kazi za kawaida kabisa, na waombaji wenye barua waliitwa mara nyingi zaidi. Waliofaidika hasa ni wanawake. Karatasi moja tu, na wengi wetu tunaondoka bila kuiomba kwa kuwa tunaogopa kusumbua.

Hatari yake ni kugeuka fanicha ya ofisi. Mwaka wa kwanza unaitwa "kijana wetu", mwaka wa tatu bado unaitwa "kijana wetu", na ajira ikija anaingia mwingine. Jiwekee tarehe ya mwisho kabla hujaanza na umwambie mtu wa nyumbani akukumbushe.

Inamfaa nani. Aliyemaliza cheti, stashahada au shahada, ana ujuzi wa kukaa ofisini ila hana anayemjua, na nyumbani kuna anayemlisha. Kama hana wa kumlisha, njia hii itamla yeye.

Kikundi cha vijana

Gharama ni ndogo: michango ya wiki, vikao, kuandaa katiba ya kikundi, kufungua akaunti ya benki, safari za kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wengi huingia kwa ajili ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria inataka ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ya kweli, lakini usijenge maisha juu yake. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na vikundi halali navyo vikangoja hadi iliporejeshwa mwaka 2024.

Ushahidi wa kwanza mara nyingi si fedha. Ni kuchaguliwa kuwa mweka hazina na hesabu zikakaa sawa. Ni kusimama mbele ya wenzako kumi na wakakusikiliza. Na kile chanzo cha pili cha Bandura, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, kinapatikana hapa kuliko kokote: aliyeanza kufuga kuku jana mlikuwa naye kijiweni.

Kuhusu watu, angalia kama wote hawana kitu. Kikundi cha watu wanane wanaotafuta kazi hubadilishana faraja, jambo jema, lakini habari za kazi hazimo. Mwekeni ndani mmoja mwenye shughuli yake.

Ikikwama, unabaki na deni la pamoja. Mmoja akihama mtaa, waliobaki wanalipa, na ni watu mnaokutana bombani kila siku. Hali mbaya zaidi ni pale kikundi kinapokopa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, ili kuziba pengo la mkopo wa halmashauri. Nimeona undugu ukifia hapo.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kuwa na ujuzi au biashara ndogo inayotembea, akakosa mtaji na wenzake wa kumsukuma. Asiyejua atafanya nini asitegemee mkopo umfikirie.

Kwa hali yako

Kuna atakayeuliza kuhusu kujitolea JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Sikuilinganisha kwa kuwa nafasi zake hutegemea tangazo na masharti ya umri na elimu, na matangazo yenyewe husema wazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii mtu ajira akimaliza. Anayekwenda aende akijua hivyo, atavuna nidhamu na stadi.

Kama nyumbani kwenu chakula cha jioni kinategemea ulichopata mchana, anza na fundi wa karibu au kibarua, na uulizie chuo baadaye kupitia kozi fupi za jioni au urasimishaji. Usione kwamba umechagua kidogo.

Kama una mzazi au ndugu aliye tayari kukubeba kwa mwaka mmoja, chuo ndicho kitakachokupa kitu kisichofutika, hasa kama unafikiria kuhama mji.

Kama umemaliza chuo kikuu na umetuma maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira mpaka umesahau nywila, kujitolea kwa muda maalumu kutakusaidia zaidi ya kozi nyingine tena. Jifunze pia kuandika wasifu na kujibu usaili. Katika ule utafiti wa Addis Ababa kulikuwa na kundi lililopewa warsha fupi ya mambo hayo pamoja na cheti cha kupimwa uwezo, na miaka minne baadaye, wakati athari ya nauli imeshafifia, waliohudhuria warsha walikuwa na kipato cha juu zaidi. Hapa kwetu, ofisi za huduma za ajira za Serikali, TaESA, zimekuwa zikitoa mafunzo ya namna hiyo kwa watafuta kazi.

Kama umri umesogea, una watoto, na unaona aibu kukaa na vijana wa miaka kumi na minane kwa fundi, kikundi kinaweza kukufaa kama tayari una kitu unachokiuza. Kama huna, aibu hiyo imeze. Mafundi niliozungumza nao wanasema watu wazima hujifunza haraka kwa sababu hawana muda wa kupoteza.

Ukiombwa fedha ya fomu, ya sare au ya "kukuunganisha" kabla ya kazi yenyewe, hiyo si njia ya tano. Ni wizi.

Na kama mtu wako halali usiku, hali chakula, anasema kwamba hana maana tena duniani, weka kando njia zote nne. Mpeleke kituo cha afya kwanza, ukae naye. Fundi na chuo vitangoja.

Mdogo wangu alichagua Keko. Shangazi alitaka VETA na bado anaitaka, kwa hiyo wamekubaliana: anakaa kwa fundi sofa mpaka Desemba, na kozi ndefu zikianza Januari ataamua kama anaingia au anasubiri kupimwa kwa ujuzi alioupata. Karatasi imesainiwa kwa mwenyekiti. Fundi alisoma mistari yote, akaongeza mmoja wake: asije na simu karibu na mashine. Nauli ni jukumu langu. Naituma kila Jumapili usiku, ya wiki moja moja, kwa sababu namjua.